Praima tatu kwenye nyumba moja, na ukuta ulionigeukia sabuni

Mimi ni mpika sabuni. Sabuni za mche za kufulia: mafuta ya mawese, kostiki soda, maji, basi. Nalisema hili mapema ili mtu asidhani anasoma maneno ya fundi rangi, na pia kwa sababu ufundi huo wa sabuni ndio ulionifumbua macho ukuta wangu ulipoharibika. Nimemaliza nyumba yangu Kibada, Kigamboni, vyumba vitatu na sebule, na katika kuipaka ndani nimetumia praima, yaani koti ya kwanza inayoandaa ukuta kabla ya rangi, za aina tatu. Moja imenifurahisha. Moja ilinitia hasara kwanza, kisha ikanifaa mahali pengine. Ya tatu sijui nani aliiruhusu iitwe praima.

Majina ya kampuni siweki. Ndoo niliyoipenda na kopo lililoharibu chumba cha watoto vimetoka kiwanda kimoja, nembo moja, hata mfuniko unafanana. Jina halitakusaidia. Yatakusaidia maandishi madogo ya ubavuni, yale ambayo mwenye duka hujaza vidole vyake juu yake wakati anakuonyesha ndoo.

Nianze na ile ya tatu, nimalizane nayo.

Sebule ilipigwa lipu mwezi wa kumi na moja. Kufika Januari hela ilikuwa imekata, na kila mjenzi anajua Januari ilivyo. Kijana mmoja akanishauri praima ya ndoo ya lita 20 kwa shilingi 48,000. Nzuri zilikuwa zinacheza kwenye 120,000. Nikaona nimeokota dodo chini ya mnazi. Ndoo haikuwa na tarehe, haikuwa na alama ya TBS, shirika la viwango, haikusema imetengenezwa na nini wala lita moja inapaka eneo gani. Iliandikwa tu kwamba ni praima, na pembeni picha ya nyumba nzuri ya ghorofa.

Ilipakika vizuri. Ilikauka haraka, nyeupe pepe. Asubuhi yake nikapitisha kiganja ukutani, kiganja kikatoka cheupe kama cha mwalimu wa zamani. Nikabandika selotepu, nikaisugua, nikaivuta: selotepu ikarudi na ukoko mweupe wote, chini lipu tupu inanitazama. Ile haikuwa praima, ilikuwa chokaa na unga wa mawe kwenye maji, na gundi kidogo ya kupoza dhamiri.

Fundi akasema rangi ya juu itaishika. Haikuishika. Rola ya koti ya kwanza ilikuwa inanyanyua vipande na kuvibandika mbele yake. Koti ya pili ikanyweka ukutani kama maji kwenye mchanga wa Mjimwema. Tulifika koti nne za rangi ya silki, na mpaka leo ukikaa kwenye kochi saa kumi jioni, jua likiingia dirisha la magharibi, unaona viraka: hapa panang'aa, hapa pamefifia, hapa pamepita rola mara mbili. Nilichookoa kwenye praima, silki ilikila mara tatu yake. Nyota sifuri. Selotepu ndiyo niliyotoka nayo, na sasa najaribia kila ukuta kabla sijafungua rangi.

Sasa chumba cha watoto, ambacho ndicho kilichonifanya nikae chini niandike.

Chumba hicho na changu vilipigwa lipu mwishoni mwa Januari, vyote viwili wiki moja, simenti ileile, mchanga uleule, fundi lipu yuleyule. Fundi rangi alikuja siku ya kumi na sita. Akaigonga lipu kwa kifundo cha kidole, akatega sikio. “Mama, hii imekauka kabisa. Sikiliza mwenyewe.” Nikasikiliza. Ililia ko, ko, kama inavyolia lipu yoyote.

Tulikubaliana chumba cha watoto kipakwe rangi ya mafuta kuanzia chini mpaka usawa wa kifua, ili mikono yenye ugali na penseli ifutike. Hilo wengi tunalifanya na ni jambo zuri. Fundi akataka praima ya mafuta chini yake. “Mafuta hushikana na mafuta, mama. Praima ya maji ni ya watu wasio na haraka ya kupata nyumba nzuri.” Kauli tamu. Nikaenda Gerezani, nikanunua makopo mawili ya lita nne kwa shilingi 36,000 kila moja, nikarudi nayo kwenye pantoni nimeyabana katikati ya miguu.

Siku ya kwanza ukuta ulikuwa mzuri kuliko sahani. Wiki ya tatu, karibu na kona ya dirisha, ikatokea rangi ya kahawia hafifu kama chai iliyomwagika. Wiki ya nne daftari la hesabu la mwanangu likaganda ukutani. Alikuwa ameliegemeza tu pale akifunga kiatu. Kulibandua, jalada likabaki nusu. Nikashika ukuta: ulikuwa laini, unanata, unabonyea kwa ukucha.

Nikachukua kitambaa chenye maji nifute. Kikateleza.

Huo utelezi nimeushika kwa miaka tisa. Ni utelezi wa sufuria mafuta yanapoanza kukubaliana na kostiki, kabla mche haujakaza. Nikabaki nimesimama na kitambaa mkononi, nusu nacheka nusu nataka kulia. Fundi alikuwa amenipikia sabuni ukutani.

Nieleze, maana hili wauza rangi huliita tu “rangi imekataa”, kana kwamba rangi ina kiburi. Simenti inapoganda inaacha chokaa kali ndani yake. Maji yaliyomo kwenye vitundu vya lipu mpya ni makali, pH yake, yaani kipimo cha ukali ambapo maji safi ni 7, ni kama 12 au 13, jirani kabisa na maji yangu ya kostiki. Praima ya mafuta na rangi ya mafuta, kama jina linavyosema, zimejengwa kwa mafuta. Weka mafuta juu ya ukali huo, acha na unyevu kidogo unaotoka ndani ya ukuta, na umekamilisha vitu vitatu ninavyovinunua mimi kila mwezi: mafuta, alikali (ndio huo ukali wa kostiki na chokaa), maji. Kuni hazihitajiki. Mchanganyiko ukiachwa peke yake unafika, ila pole pole, ndiyo maana ukuta haukuharibika siku ileile bali ulisubiri fundi alipwe.

Na ukavu hausemi chochote kuhusu ukali. Lipu inaweza kukauka usoni kwa wiki mbili za jua la Februari na bado ikawa kali vilevile. Kinachoupunguza ni muda na hewa: hewa inaingia taratibu kwenye lipu na kuibadilisha ile chokaa kali kuwa kitu kama chaki, kuanzia juu kwenda ndani. Ndiyo maana makopo mengi yanaandika usubiri siku 28 angalau. Kidole cha fundi hakipimi hilo.

Mimi ninazo karatasi za pH za kupimia sabuni. Nililoanisha ukuta kwa maji ya chupa (maji ya kisima chetu yana chumvi, yangenidanganya), nikabandika karatasi, nikahesabu mpaka thelathini. Ukuta usiopakwa wa chumba changu, uliopigwa lipu wiki moja na ule wa watoto, ukanipa bluu nzito, rangi ninayoiona kwenye ndoo ya kostiki. Zaidi ya 12. Sebuleni, mahali palipobanduka ile chaki, lipu ya Novemba ilikuwa imeshuka karibu na 9. Pakiti moja ya karatasi hizo haifiki hata bei ya rola nzuri.

Jirani, mama mtu mzima, akanishauri nioshe ukuta kwa siki. Nilimheshimu nikaosha kipande kidogo. Uso ulishuka kweli, kesho yake ukapanda tena, kwa sababu ukali uko ndani na unyevu unautoa nje kila siku. Siki ikaenda kwenye kachumbari.

Tulikwangua chumba cha watoto siku tatu, kwa skrepa na msasa. Inatoka kama ngozi ya maziwa, halafu inakusumbua kwenye skrepa kwa sababu inanata. Tukaosha, tukaacha ukuta uchi masika yote, watoto wakalala kwangu. Tuliupaka mwezi wa sita.

Simlaumu fundi sana. Amejifunza kazi kwenye nyumba za zamani za Temeke na Magomeni, kuta zenye umri kumzidi, ambazo ukali wake uliisha kabla hajazaliwa. Huko praima ya mafuta haijawahi kumwangusha. Alirudi kukwangua kwa nusu ya ujira, na kwa watu wa fani hiyo huo ni uungwana.

Sasa niliyoipenda. Praima ya maji, ya akriliki, ambayo ubavuni imeandikwa kwamba inahimili alikali. Ukienda dukani usiseme “nipe praima ya ukuta”, utapewa iliyo karibu na mkono. Sema unataka ya lipu mpya, kisha geuza ndoo mwenyewe utafute neno “alkali”. Lisipokuwepo, rudisha. Nililipa 120,000 kwa lita 20.

Niliijaribu kwanza chumbani kwangu, wiki chache baada ya kipimo kile, karatasi ikisoma kama 11. Makusudi. Nilitaka kuona kama inajisifu bure. Leo ni mwezi wa saba, pamoja na masika iliyotupiga Kigamboni, na ukuta ule uko imara: hakuna kahawia, hakuna kunata, selotepu inarudi safi. Vyumba viwili vya lipu moja, kimoja kikawa sabuni, kingine kimetulia, na tofauti ni ndoo pamoja na wiki chache za subira.

Hesabu kwa wanaopanga bajeti. Chumba changu ni mita tatu na nusu kwa tatu, kimo mita 2.7, kwa hiyo kuta zote ni kama mita za mraba 35, ukitoa mlango na dirisha zinabaki 31. Ndoo inasema lita moja inapaka mita 10 mpaka 12. Mimi nilipata pungufu ya nane. Ndoo haikusema uongo, inazungumzia ukuta laini, na lipu yangu ni ya kikwaruzo na ilikuwa na kiu. Nilitumia lita nne na ushee, koti moja. Juu yake silki ilitosha koti mbili. Kumbuka sebule ilikula nne.

Kasoro zake zipo. Ndoo inasema inakauka kwa saa mbili. Labda Dodoma. Hapa, na ile hewa ya bahari, niliikuta bado baridi kwa mgongo wa mkono baada ya saa tano, nikaamua kila koti isubiri kesho. Pili, mafundi wanaiongeza maji. Maelekezo yanaruhusu lita moja katika kumi kwa koti ya kwanza. Nilimkuta fundi ameifanya uji wa mgonjwa, anasema ndiyo “inaingia”. Inaingia kweli, na haibaki kitu juu. Nikawa nachanganya mwenyewe kwa jagi langu la vipimo, akanuna siku nzima. Tatu, na hili ndilo kubwa, haizuii madoa.

Hilo nililigundua jikoni. Wakati wa ujenzi mlinzi wetu aliishi kwenye chumba ambacho sasa ni jiko, na alipikia humo kwa kuni mwaka mzima. Ukuta wa upande wa mafiga ulikuwa mweusi unang'aa. Tukausugua kwa sabuni yangu mwenyewe na maji moto mpaka ukawa kijivu, ukakauka, tukapaka praima ya maji. Jioni ulikuwa mweupe. Asubuhi masizi yalikuwa yameogelea yamefika juu, michirizi ya njano na kahawia kuanzia dari. Tukarudia. Ikarudia. Maji ya praima yanayeyusha yale madoa ya moshi na kuyabeba yakipanda kukauka, kwa hiyo kila koti unayoongeza unayapa usafiri mwingine.

Nilikuwa na kopo moja zima la ile praima ya mafuta, limekaa stoo kama shahidi. Nikapima ukuta wa jikoni: lipu ya mwaka na zaidi, 9, mkavu. Nikabandika pia kipande cha nailoni kwa tepu pande zote, nikakiacha usiku. Asubuhi hakikuwa na jasho kwa ndani. Basi hapa mafuta yana ruhusa. Tukapaka koti moja ya mafuta juu ya mahali pa masizi, tukaiacha siku mbili, ndipo rangi. Doa halijatoka tena.

Kwa hiyo kopo lilelile lililonipa hasara kwa watoto nalipa nyota nne jikoni. Nyota ya tano imekwenda na harufu. Madirisha yote wazi, bado kichwa kiliuma, tukalala kwa dada yangu siku mbili. Na msithubutu kuwasha jiko la mkaa mle ndani wakati inakauka, ile thina inashika moto. Naipa sifa pia kwenye fremu za mbao na milango, huko ndiko kwao. Na doa la bati lililovuja darini linazibwa vivyo hivyo, mradi bati lizibwe kwanza.

Dari ni la jipsamu, na kuta za chumba cha tatu tulipiga puti ya kulainisha. Hapa nina neno moja tu: puti kavu ni unga. Piga msasa, futa vumbi kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, kisha praima, tena hapa iwe nyepesi kidogo ili inyweke na kuushika ule unga. Fundi aliruka sehemu nyuma ya kabati akidhani sitaona. Rola yenye rangi ilipopita mara ya pili, ililowanisha puti na kuikunja yote kama ganda la ndizi.

Praima isiyohitajika nayo ipo. Chumba cha nje, cha mpangaji, kina rangi ya maji ya miaka minne, imekaza, haichafui kiganja. Mwenye duka alitaka kuniuzia ndoo nzima. Tuliosha, tukapiga msasa mwepesi, tukagusa praima kwenye viraka vya misumari tu, tukapaka rangi. Selotepu imekubali.

Na kuna ukuta ambao hakuna ndoo itakayousaidia. Ule wa bafuni, upande wa korido, unatoa chumvi nyeupe, manyoya kama ya barafu ya friji. Tofali zake zilifyatuliwa kwa maji ya kisima chetu, ambayo hata chai hayapiki vizuri. Nimewasikia wanaosema praima nzito itaifungia ndani. Nailoni yangu asubuhi ilikuwa na matone. Kuna maji yanatembea humo, na maji yakitembea yanabeba chumvi, yakifika kwenye rangi yanaisukuma itoke. Fundi bomba amekuja mara moja, amesema ni kiungo cha bomba, ameondoka na nusu ya malipo. Kwa sasa naipiga brashi kavu tu. Ukiiosha kwa maji inayeyuka na kurudi ilikotoka.

Fundi rangi alinipigia Ijumaa akiwa Mbezi, kwenye nyumba mpya. Hakusalimu sana. “Mama, zile karatasi zako za bluu zinauzwa wapi?” Nikamwelekeza duka la vifaa vya maabara pale Kariakoo, na nikamwambia asitumie maji ya kisima.

Nimebaki na lita tatu za ile nzuri. Nimetandika nailoni juu yake kabla ya kufunga mfuniko ili isitunge ngozi. Ni kwa ajili ya korido, ambako fundi umeme alichimba mfereji baada ya kila kitu kupakwa, akaziba kwa simenti. Kiraka kina siku kumi na tisa. Jana kilisoma 12.